Uzi wa Kuachia

Mvua ya plamu, ile ya wiki nzima nzima inayonyesha plamu zikiiva, ikianza Suzhou, Uchina, kila kinachoweza kuoza kinaoza, na kisichoweza kuoza kinanuna. Viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Milango inavimba, inagoma kufunga. Na kwenye karakana ya Mzee Fei Bosheng, fundi wa kubandika picha kwenye karatasi ya mgongo na kuzikausha ukutani, gundi ya unga ilikuwa imekaa ukutani siku nzima bila hata dalili ya kukauka, kama mgeni aliyekaribishwa chai akahamia.

Yunzhi, binti wa mzee, alisimama kando ya meza nyekundu ya kazi akiitazama picha yake mwenyewe kama mtu anayemtazama ndugu yake kabla ya kupasuliwa. Na kupasuliwa kweli ilikuwa ipasuliwe. Kisu cha baba yake, kile chenye ubapa wa nusu mwezi, kilikuwa kimeshanolewa.

Ilikuwa picha ya majani ya yungiyungi, na korongo mmoja kasimama kwa mguu mmoja kama anayedaiwa jibu. Upande wa kulia aliacha weupe mkubwa. Mtu wa nje angedhani Yunzhi aliishiwa rangi. Watu wa nyumba ile walijua. Kwao mwanamke huchora akaacha nafasi, na mwanamume anayekubaliwa huandika pale. Wino ukikauka, hao wamechumbiana, hata kama harusi ni mwakani. Sebuleni ilitundikwa picha ya maua ya krisanthemu aliyoichora marehemu mama yake Yunzhi, na kando ya maua ukapanda mwandiko wa Mzee Fei wa ujanani, mwembamba, wenye haraka, mwandiko wa mtu aliyeogopa mwenzake asije akabadili mawazo.

Leo wa kuandika alikuwa Pang Shilin.

Shilin alikuwa ameketi dirishani anasaga wino tangu mchana. Alikuwa mwalimu wa hati, mwanafunzi kipenzi wa mzee, kijana mpole ambaye mwandiko wake ulikuwa kwenye vibao vya nusu ya maduka ya mtaa. Shangazi Guizhen, dada wa mzee, aliyekuwa pembeni akichambua matunda ya yangmei ya kulowekea pombe, alimwangalia akamwambia kwamba akiendelea hivyo wino utageuka uji, na yeye hana kijiko cha kumpa. Shilin akacheka kwa adabu, akaendelea kusaga.

Kilichomchelewesha ni kwamba ule weupe haukuwa mweupe wote. Ukingoni, kuanzia juu mpaka chini, ulishuka mstari mmoja wa alama. Mzee Fei alitaka kwanza aukate huo mstari wote, apachike karatasi safi mahali pake, kwa ustadi ambao hata jicho la paka lisingeona kiungo. Ndipo Shilin aandike.

Alama zile ziliandikwa na Kuang Yifan.

Yifan alikuwa kijana wa kiwanda kidogo cha nyuzi za hariri, kule nyuma ya hekalu, wanakozichemsha nyuzi kwenye gundi ya samaki mpaka mtaa mzima unaziba pua. Nyuzi hizo ni za qin, ile ala ya nyuzi saba inayolazwa mezani, na Yifan alikuwa anaipiga kama vile ndiyo iliyomlea. Kuzungumza ndiko kulikomshinda. Siku Yunzhi alipompa ile picha, juu ya daraja, alimwambia neno moja tu, "Nimekuachia nafasi," akakimbia na uso unawaka. Kesho yake Yifan alitumwa na kiwanda mashambani kununua hariri ya msimu. Kabla hajaondoka aliipitisha picha mlangoni kwa Shangazi, na alama zake zimo.

Hayakuwa maneno. Yunzhi aliigeuza picha huku na huku. Zilikuwa herufi zilizopandana, namba juu ya mkia, mkia ndani ya tumbo, kama maneno yaliyogongana kwenye kona. Akampelekea baba yake, ambaye hakuna mwandiko uliowahi kumshinda.

Mzee akavaa miwani. Akamweleza kwamba hayo ni maandishi ya wapiga qin. Halafu akaweka ukucha juu ya alama ya kwanza.

"Hiki ni kifupisho cha neno san. Unalijua san."

"Kuachana," Yunzhi alijibu.

"Na hapa katikati?"

"San."

"Na wimbo umeishia na nini?"

Yunzhi akaufuata ukucha mpaka chini: san tena. Neno lenyewe lina mkosi tangu zamani. Hata mwavuli watu hawampi mchumba, kwa sababu mwavuli nao unaitwa san, na ukimpa mtu umempa kuachana mkononi. Sasa huyu kalipanga juu, katikati na chini, kama mtu anayepigilia misumari mlango asije akausukuma mtu. Halafu kaondoka, bila barua, bila salamu. Yunzhi alilia mpaka macho yakawa kama ya kambare. Baba yake alipolitaja jina la Shilin, akasema sawa. Kwa sauti ile ya mtu anayesema sawa kwa daktari wa meno.

Basi mzee alikuwa ndiyo kwanza ananyunyiza maji kulainisha karatasi, mlango uliovimba ukasukumwa kwa bega, ukafunguka kwa kelele, na Yifan akaingia.

Alikuwa amelowa mpaka nyusi. Mgongoni alibeba qin ndani ya mfuko wake wa turubai, na huo mfuko pekee ndio uliokuwa umefunikwa vizuri.

Mzee Fei hakuinua kichwa. "Harufu ya samaki imeingia," alisema. "Guizhen, funga mlango."

"Haufungi," Shangazi akajibu, na hakuinuka.

Yifan akasalimia kila mtu kwa zamu, hata Shilin, maana adabu alifunzwa na mama yake. Halafu akamgeukia Yunzhi, na hapo adabu ikamwishia. Akamtazama tu. Na Yunzhi naye, aliyekuwa amejiapiza kwamba siku akimwona atamtazama kama anavyotazama nguzo ya umeme, akajikuta anatazama maji yanavyomchuruzika kidevuni, na mkono wake ukataka taulo.

"Umefuata nini?" alimuuliza, kwa ukali wa kuuficha ule mkono.

"Nimepita pale kona. Wanagawa pipi za uchumba. Wakanipa na mimi moja." Yifan akatoa mfukoni karatasi nyekundu ya pipi. "Nilishaila nusu ndipo nikauliza ni za nani."

Shangazi akainamia yangmei zake.

"Si uliniaga?" Yunzhi alisema. "Mimi nikaitika. Sasa unalalamika nini?"

"Nilikuaga lini?"

Yunzhi akaipiga meza karibu na picha. "Hapa. San juu, san katikati, san chini. Kwani ulidhani mimi sijui kusoma?"

Yifan akazitazama alama zake. Kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote: akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyebebeshwa gunia akagundua limejaa pamba, lakini Yunzhi hakukijua chanzo chake, na kama bakuli la gundi lingekuwa karibu, kijana angetoka pale kabandikwa ukutani.

"Yunzhi, hiyo si kuachana. Ni kuachia."

"Tofauti yake?"

"Ni uzi wa kuachia." Akainua mkono wa kushoto, akautanua hewani. "Kwenye qin, sauti nyingi lazima huu mkono ubane uzi. Kidole gumba hapa, cha pete pale. San maana yake mkono wa kushoto usiguse. Unaupiga uzi, unauachia, unalia mpaka uchoke wenyewe. Hakuna aliyeubana." Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. "Nimemalizia na wa kuachia ili wimbo usikatike. Basi. Ndicho nilichokuandikia. Usikatike."

Jiwe la wino likanyamaza. Shilin alikuwa ameacha kusaga.

Yunzhi akageuka taratibu. "Baba. Ulikuwa unajua?"

Mzee Fei alikuwa anapangusa kisu kwa kitambaa, upande huu, upande ule. "Nilijua nusu," alisema. "Nusu iliyonitosha."

Mzee akaendelea, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa ya dhihaka. "Mama yako amekufa. Lakini yuko pale sebuleni, na mimi niko kando yake, na tutakaa hivyo hata mimi nikishafukiwa. Picha inabaki. Mwandiko unabaki. Huyu anakupa nini? Wimbo ukishapigwa uko wapi? Nionyeshe, niutundike."

Yifan akasema anaomba aupige, mara moja tu, kisha ataondoka akitakiwa kuondoka. Mzee akainua mabega. Mtu anayejua atashinda huwa hana haraka.

Qin ikalazwa ukingoni mwa meza nyekundu, mbali na maji. Lakini mvua ya plamu na hariri hawajawahi kuwa marafiki. Nyuzi zililegea mara tu zilipoionja hewa ile. Yifan akakaza, zikalegea, akakaza, ukalia mmoja kwa sauti ya mlango wa choo. Shangazi akakohoa kuficha jambo. Mwishowe Yifan akaanza na alichonacho.

Ulikuwa wimbo mfupi. Ulitembea kwa kusitasita, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kila alipofika kwenye jiwe alisimama kidogo. Mzee Fei aliusikiliza huku anatazama dari. Yunzhi ndiye aliyesogea karibu. Yeye kazi yake ilikuwa weupe. Alijua kuwa korongo wake asingesimama kama kando yake pangejazwa. Na kwenye wimbo huu, baina ya sauti na sauti, aliusikia weupe ule ule, umeachwa kwa makusudi, na mtu akangoja.

Kisha Yifan akafika mwisho. Akauinua mkono wa kushoto juu kabisa, kila mtu auone, na wa kulia ukapiga uzi wa kuachia.

Ulilia kidogo. Unyevu ukaukaba, ukazimika kama kijiti cha kiberiti.

"Ndiyo huo usiokatika?" Mzee Fei aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyochoma.

Yifan akaiweka mikono yake mapajani. Masikio yalikuwa mekundu. Yunzhi alipomwona amenywea vile, hasira ikampanda upya, na safari hii haikujua imkamate nani.

"Si ungesema kwa mdomo?" alimwambia. "Mdomo unao. Unanunulia tofu kila asubuhi. Mimi nimelia hapa, nimekubali kuolewa na mtu wa watu, kwa sababu wewe huwezi kusema kitu kama binadamu wengine."

"Nilisema kwa ninachokijua." Yifan hakuinua macho. "Na wewe ulinichorea korongo. Mbona hukusema kwa mdomo?"

Yunzhi akamgeukia korongo wake. Lakini alikuwa amesema. Pale darajani alisema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa hilo hilo. *Nimekuachia.* Yeye alimwachia nafasi, naye akamwachia uzi, kisha wote wawili wakakaa wanasubiri kuachwa.

"Imetosha," Mzee Fei alisema. Akaibonyeza karatasi kwa kiganja cha kushoto, akaishusha ncha ya kisu juu ya mstari wa alama. "Shilin, andaa brashi."

Shilin akasimama, maana alikuwa mwanafunzi mtiifu. Akalileta jiwe lake la wino mezani, limejaa, jeusi linang'aa kama jicho.

"Bwana Shilin," Yunzhi alimwambia, "naomba wino wako."

Shilin akamtazama. Halafu akamsogezea, kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu chai. Labda hakuelewa. Labda alielewa kabla ya wote.

Yunzhi akachukua brashi kubwa ya baba yake, ile pana ya kupakia gundi, akaichovya kwenye maji, akaichovya kwenye wino, akaishusha kwenye ule weupe. Alivuta kwa kushoto, kwa mshazari, mvuto mmoja mrefu wa kijivu. Akavuta wa pili. Baba yake akarudisha mkono ghafla, kisu na vyote, asije akaikata karatasi. Alichora mvua. Aliichora iliyokuwa inanyesha dirishani, ya mshazari, ya kuudhi, isiyo na mwisho, ikajaa juu ya majani, ikajaa nyuma ya korongo, ikateremka mpaka ukingoni. Ilipozifikia alama za Yifan brashi ikapungua, ikapita kando yake, ikaziacha zimesimama ndani ya mvua, kavu.

Alipoweka brashi chini, hapakuwa na weupe hata wa kuweka ukucha.

"Umeiharibu," Mzee Fei alisema polepole.

"Haijaharibika, Baba. Imejaa."

Shilin akainama, akaikagua picha kwa muda, pua karibu iguse karatasi. Alikuwa na jicho, na hicho ndicho kilichokuwa kilio chake siku ile: aliona kwamba ni nzuri. "Mwalimu," alisema, "hapa hata nukta haiingii." Akaliosha jiwe lake, akalifunga kwenye kitambaa, akachukua mwavuli wake. Mlangoni aligeuka. "Lakini wino ulikuwa mzuri," alimwambia Yunzhi. Yunzhi akainamisha kichwa. Hakuwa na cha kumpa zaidi ya hicho.

Mzee Fei alingoja mpaka hatua zake zikapotea uchochoroni.

"Basi," alisema. "Aliyeandika ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii, sikuitunga mimi. Nendeni. Na picha yenu mwende nayo, mimi siibandiki."

Akajua alichokisema, na Yunzhi naye akajua. Karatasi ilikuwa mbichi, haijabandikwa mgongo. Kuitoa kwenye mvua ile ilikuwa sawa na kuitia kwenye bakuli la supu. Kuiacha ilikuwa kumwachia kisu. Shangazi akanyoosha mkono nyuma ya mlango ulipoegemezwa mwavuli wa nyumba, vidole vyake vyekundu kwa yangmei, kisha akaurudisha.

"Mwavuli siwapi," alisema, na machozi yalimlenga. "Nikiwapa nitakuwa nimewaachanisha kwa mkono wangu mwenyewe."

Yifan alisimama akiiangalia picha, akauangalia mlango. Halafu akachukua mfuko wa turubai wa qin yake, akauweka wazi mezani, mtupu. Qin akaikumbatia kifuani, uchi, nyuzi zake zote saba zikitazama nje kwenye mvua.

Hata Mzee Fei alijua maana yake. Hariri ile iliyochemshwa wiki nzima ingekufa kabla ya kufika darajani. Na mbao za qin zikinywa maji, mtu huomboleza.

Yunzhi alianza kuikunja picha hivi hivi, wino kwa wino.

"Siyo hivyo," alisema baba yake. "Wino mbichi utashikana. Karatasi kavu kwanza." Na kwa kuwa alikuwa anakosea tena, mzee akamsogeza kwa kiwiko, akatandika karatasi kavu yeye mwenyewe, akaikunja picha kwa vidole vyake vya fundi, polepole, akaiingiza mfukoni, akafunga kamba. Hakumtazama mtu. Akaenda kusimama dirishani, mgongo kwao.

Wakatoka.

Tone la kwanza lilipoanguka kwenye qin, uzi mmoja ukalia. Hakuna kidole kilichougusa. Likaanguka la pili, uzi mwingine, wa chini zaidi. Yifan akainama kuikinga kwa mgongo wake, lakini mvua ilikuwa na vidole vingi kuliko yeye. Nyuma yao, dirishani, kivuli cha mzee hakikutikisika.

Walikuwa wamefika kwenye daraja waliposikia kandambili zinapigapiga majini. Mzee Fei alikuja mbio, analowa kuliko wote, na mwavuli mkononi umefungwa. Hakukumbuka kuufungua. Akausukuma kwa Yunzhi kwa mpini.

"Sijawapa," alisema, anahema. "Nimewaazima. Msije mkachanganya."

Yunzhi akaupokea kwa mikono miwili. "Tuurudishe lini, Baba?"

Mzee akautazama mfuko mgongoni mwa binti yake, akaitazama qin, ambayo uzi wake mmoja ulikuwa bado unalia kidogo kidogo kila tone.

"Mvua ikikatika," alisema. "Na mje nayo hiyo picha. Nani ataibandika, huyu mpika nyuzi?"

Akageuka, akarudi kwenye mvua bila kuwaangalia tena. Yunzhi akaufungua mwavuli. Ulikuwa mdogo, wa mtu mmoja. Wakauinua juu ya qin, wao wawili wakalowa.